Kimea cha Mwisho cha Teresa Apolot

Teresa Apolot alizikwa Jumamosi, Agosti 9, 2025, nyuma ya nyumba yake Adungosi, kando ya kaburi la mumewe. Wiki tatu baadaye mjukuu wake Olinga alipata mtoto wa kike, na mtoto huyo akakaa bila jina.

Majina ya watoto wa boma hili yalikuwa yamepitia kidole cha Teresa. Kwa Wateso wa hapa mtoto habandikwi jina, anaulizwa. Mama mzee wa nyumba huchovya kidole katika ajon, pombe ya wimbi, hukigusisha kwenye midomo ya mtoto na kutaja jina la marehemu wa ukoo. Mtoto akinyonya, amelikubali. Akigeuza uso, linatajwa jingine.

Ajon ndiyo iliyokuwa kazi ya Teresa. Aliloweka wimbi mpaka likachipua, akalianika kuwa kimea, akalitafuna kidogo na kulitema. "Bado," alikuwa akisema, hata pale wateja walipokuwa wameshaketi na mirija mikononi. Olinga aliyajua haya yote kwa sababu alilelewa jikoni kwake, tangu mama yake alipoolewa kwingine, huko Angurai.

Sasa Olinga anaziba tairi za malori Malaba. Kila Jumapili alirudi nyumbani, na tata, ndivyo alivyomwita nyanya yake, alimnusa shati mlangoni.

"Mume wangu, unanuka mpira. Huyu mkeo Mercyline atakukimbia, nibaki na wewe peke yangu."

"Akikimbia nitakuoa kanisani, tata."

"Kwa meno gani nitatafuna keki?"

Meno ya upande mmoja yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo Olinga alimnunulia mkate laini. Mpaka leo bado anaununua. Anakumbuka akiwa tayari amelipa.

Baada ya mazishi walikuta mfuko wa kimea ukining'inia juu ya meko. Kilitosha chungu kimoja kidogo. Emorut, mwana wa kiume mkubwa wa Teresa, alitaka kipikiwe waombolezaji.

"Mama hakuwahi kuacha mgeni na koo kavu," alisema.

"Wageni watanunuliwa soda," Olinga alimjibu. "Hiki ni cha mtoto. Mtoto atakuwa Apolot."

"Umeshaongea naye tumboni?"

Olinga aliufunga mfuko na kuurudisha mahali pake. Alitaka kuwe tena na mtu nyumbani wa kuitwa kwa jina hilo.

Kidole cha Teresa hakikuwepo tena, kwa hiyo kazi ilimwangukia Asekenye, mke mwenzake. Wawili hao walitumia ghala moja na kugombana karibu kila mavuno. Mtoto alipofika mwezi wa pili, Asekenye aliketi kwenye mkeka, chungu cha ajon ya kimea kile mbele yake na mtoto mapajani.

"Anza na Apolot, mama," Olinga alisema.

"Nani ameshika chungu, mimi ama wewe?"

Hata hivyo alianza na hilo. Mtoto aligeuza uso.

"Hajasikia. Rudia."

"Amesikia. Mke mwenzangu naye alikuwa hivyohivyo, ukimwita hageuki."

Watu walicheka. Olinga alitazama chini. Asekenye alijaribu majina mengine, na kwa kila moja mtoto alizidi kulia. Kisha Asekenye alichovya tena, akasema, "Amuge."

Amuge alikuwa kifungua mimba wa Teresa, aliyekufa kwa surua kabla hajaanza shule. Teresa alitaja marehemu wote wa ukoo kwenye midomo ya watoto, lakini huyo hakumtaja hata mara moja. Olinga aliwahi kumuuliza sababu. "Akinikataa nitafanya nini?" tata alisema, akaenda kuchochea moto.

Kilio kilikatika. Mtoto alinyonya kidole kwa nguvu, na wanawake wakapiga vigelegele. Asekenye hakukitoa haraka.

"Umekaa sana huko," alimwambia mtoto. Kisha akamgeukia Olinga. "Mke mwenzangu amemngoja huyu miaka yote hiyo. Ameondoka wiki tatu mapema."

Olinga alimchukua mtoto akatoka naye nje, akasimama kati ya yale makaburi mawili. Mercyline alimsikia akilitamka jina jipya polepole, kisha akimwita tata, kama mtu aliyefika Jumapili na kukuta mlango umefungwa.

Amuge atabatizwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kimea cha Teresa kimekwisha. Mercyline ameloweka wimbi jipya, na Alhamisi Asekenye atakuja kulitafuna aseme kama bado.