Obeid, Samaki na Chumba cha Buluu

Mimi nina wake wawili, na katika kuoa kwangu kote sijawahi kuomba ushauri wa samaki. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba nikisimulia habari za jirani yangu Obeid, nasimulia habari za mtu aliyenichosha. Nampenda, lakini amenichosha.

Obeid ni mzaliwa wa mtaa wetu wa Buyenzi, na mlango wa nyumba yao unatazamana na duka langu la vipuri. Babu yake alikuja na Waarabu wa Omani, akafungua maduka ya vitambaa. Maduka yamekwisha, ukoo umebaki na jina, pua ndefu na mlango mzito wa mbao usiofungika vizuri. Yeye biashara hakuitaka. Tangu ujana anafanya kazi mtaa wa Kinindo kwa Bwana Sylvère, ambaye nyuma ya villa yake amepanga matangi ya vioo yaliyojaa samaki wadogo wa ziwa letu. Hawaliwi. Wanatiwa kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni, wanapanda ndege, wanakwenda kukaa sebuleni kwa watu Ulaya. Siku ya kwanza nilipoelezwa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Samaki anapanda ndege, na mimi mwenye duka sijawahi kukanyaga ngazi yake!

Mkewe ni Kaltum. Walioana wakiwa vijana wadogo, na hawakujaliwa mtoto. Hapa kwetu mwanamke akizaa jina lake linawekwa kabatini. Mke wangu mkubwa, Nura, ni Mama Yaseen, na mimi Bader nimekuwa Baba Yaseen hata kwa wateja. Kaltum amebaki Kaltum. Watu wanamwita kwa heshima zote, na kila wakimwita wanamkumbusha.

Basi mwaka huu, Ramadhani ilipomalizika, Kaltum alimwekea mumewe chai, akakaa mbele yake, akasema: "Obeid, nimekutafutia bibi."

Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa Afrah, mjane mshonaji wa mtaa wa pili, mwanamke mpole, bado kijana, mwenye watoto wawili. Amemsemesha, amewasemesha wajomba zake, wote wamekubali. Kilichobaki ni neno la Obeid. Wajomba walitaka jibu Ijumaa ya mwisho wa mwezi baada ya sala, na mjumbe wa kulipeleka jibu hilo nilichaguliwa mimi. Sikuulizwa.

Obeid alivuka barabara na kikombe cha chai mkononi, hajakinywa.

"Baba Yaseen, Kaltum anataka nioe."

"Kaltum mwenyewe? Ye ndo anataka?"

"Ye mwenyewe. Na commune, kwa ofisi ya serikali, wanajua muke mumoja tu."

"Sheikh anajua wanne," nikamjibu. "Si mimi huyu uko unaona? Commune wanamujua Nura, na maisha inaendelea."

Nilidhani nimemsaidia. Mtu anapewa ruhusa na mkewe, tena mke wa kutafutiwa, wengine tunaipata ruhusa hiyo kwa vita. Lakini Obeid alikitazama kile kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Akaniambia hajui kama anataka au hataki. Hajui kama kutotaka kwake ni mapenzi, au uvivu, au woga wa maneno ya watu. Na hajui Kaltum anataka nini hasa, maana alisema "nimekutafutia bibi" kwa sauti ileile anayosemea "unga umeisha".

Tena alikuwa na sababu ya kuchanganyikiwa. Marehemu baba yake alikuwa na wake wawili, nyumba mbili, barabara moja. Obeid alikua akiwasikia mama yake na mke mwenzake wakicheka uani mpaka wanapaliwa. Siku ambazo baba hakuwa na zamu kwao, alimwona mama yuleyule akifagia mahali pamoja asubuhi nzima. Na mama alipofariki, aliyelia kuliko watu wote alikuwa mke mwenzake. Alikaa miezi hatii sukari kwenye chai. Sasa niambie, hiyo ndoa ilikuwa nzuri au mbaya? Obeid hajui mpaka leo, na mimi alivyoniuliza nilijifanya natafuta bolti.

Kaltum yeye hakungoja. Alikuja kuazima ngazi kwangu, akaanza kukipaka rangi chumba cha nyuma ili bibi harusi akikute safi. Alichagua buluu. Alipaka peke yake, kitambaa kichwani, akiimba kaswida, na Nura alipokwenda kumsaidia alimrudisha.

Hapo ndipo samaki wanapoingia.

Kwa Sylvère kuna desturi. Samaki wengi wa aina fulani hukaa wawiliwawili, dume na jike, na wateja wa Ulaya wanawataka hivyo. Wawili wakikaa muda mrefu bila kutaga, wanajaribiwa kwa njia ya haraka: kioo kinashushwa katikati ya tangi, dume huku, jike kule, wanaonana lakini hawagusani. Wakibaki wote wawili wamegandamana na kioo, kinaondolewa na wanaachwa. Kila mmoja akienda zake pembeni, wanatenganishwa na kupewa wenzi wengine. Obeid ameshusha vioo hivyo miaka yote bila kuwaza, kama mimi ninavyobadilisha filta ya mafuta.

Wiki chache kabla ya ile Ijumaa, Sylvère alimwonyesha tangi la samaki wawili wa manjano ambao hawajawahi kutaga hata yai, ingawa kila asubuhi wanalisafisha jiwe lao kwa midomo kama wanaotarajia wageni. Akasema washushiwe kioo. Obeid akakishusha, na akili yake nayo ikashuka nacho.

Tangu siku hiyo alikuwa akirudi kutoka kazini ananiletea habari kama matokeo ya mpira.

"Leo?"

"Leo dume iko kwa kioo. Jike imejificha nyuma ya jiwe."

Kesho yake: "Dume anakula tu, hana habari. Jike ndo iko kwa kioo." Siku nyingine wote wawili kwenye kioo, nikadhani mambo yamekwisha. Halafu wote wawili pembeni, kila mmoja kamgeuzia mwenzake mkia. Nilimwambia hiyo ndiyo ndoa yenyewe, nenda nyumbani ukalale. Hakucheka.

Alikuwa amempata mtu wa kumuuliza, kijana Léonce wa chuo kikuu, anayekuja kwa Sylvère kuchunguza samaki kwa ajili ya masomo yake. Siku moja nilipeleka mkanda wa pampu huko Kinindo nikawakuta wamesimama mbele ya lile tangi, na maneno yao nikayasikia kwa masikio yangu.

"Muze Obeid," alisema Léonce, "humu ziwani iko samaki moja, dume anakusanya magamba ya konokono mengi, na wake zake wanaingia humo, kila muke na gamba yake. Yeye anachunga wote. Na iko ingine, wanakaa wawili tu, wanachunga batoto pamoja mpaka wakomae."

"Na hao wawili, juu ya nini hawaachani?"

"Juu ya adui. Mayai inatafutwa na kila mutu. Mumoja akienda kula, mwengine anabakia. Mumoja peke yake hawezi."

"Na adui wakiisha?"

"Adui wakipunguka na majike wakiwa mengi, kuna madume yanaenda kwa majike ingine."

Obeid alikunja uso. "Kwa hiyo mwenye anawaunganisha ni adui?"

"Ça dépend," akasema Léonce. Inategemea. Neno hilo kijana analo mdomoni kama mate.

Akaendelea, maskini, akidhani anamsaidia. Kuna samaki weusi hukaa wawili kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, na wataalamu walipochunguza ukoo wa watoto wao walikuta wengi wana baba mwingine. Ndege vilevile: wanajenga kiota pamoja, wanalisha pamoja, kumbe mayai mengine ni ya dume jirani. Hapo nikasema astaghfirullah na kushika mkanda wangu wa pampu. Obeid akamuuliza kuhusu binadamu.

"Kwa batu, wataalamu wenyewe wanapigana. Wamoja wanasema mutoto wa mutu anakawia kukomaa, anataka mikono mingi, ndo maana baba alibaki. Wengine wanasema baba alibaki kuchunga bibi asichukuliwe. Wengine wanasema ni sheria na dini tu: zamani inchi nyingi ziliruhusu wake wengi, lakini wanaume wengi walikuwa na mumoja, juu hawakuwa na uwezo wa wawili."

"Nani ana haki?"

"Ça dépend, muze."

Obeid alisogea karibu na tangi. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo alilolibeba tangu kikombe kile cha chai. Akaonyesha wale wa manjano kwa kidole. "Na hawa? Hawana mayai. Hawana batoto, hawana cha kuchunga. Juu ya nini wanasafisha jiwe?"

Léonce aliinama akalitazama tangi. Ni kijana mkweli, hilo nampa. "Sijui," akasema. "Wasiotaga, sisi hatuwahesabu kabisa."

Njiani kurudi Buyenzi mimi, ambaye watu wananijua kwa mdomo, niliongea habari za bei ya vipuri tu. Niliudhika. Nilimuudhikia Léonce, nikawaudhikia na samaki. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huyu wangu alionyeshwa njia kumi, kila moja na mtaalamu wake.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala wajomba wa Afrah walikaa kwenye benchi la duka langu na kanzu zao safi, nikavuka barabara kuchukua jibu. Mlango ule hauhitaji kubishwa. Kaltum alikuwa uani anaosha brashi ya rangi, maji ya buluu yanachuruzika mpaka mtaroni. Obeid alikuwa amesimama karibu na ndoo, hajui mikono aiweke wapi.

"Baba Yaseen amekuja," Kaltum akasema bila kuinua macho. "Unasemaje?"

"Kaltum, inategemea..."

Akaitupa brashi ndani ya ndoo, maji yakaturukia mimi na Obeid. "Mwezi muzima inategemea, inategemea! Inategemea nini? Mi nakuuliza we, we unaenda kuuliza samaki!"

Kanzu yangu ya Ijumaa mpaka leo ina madoa. Nilitaka kuondoka, lakini mjumbe haondoki bila neno.

Obeid alijipangusa maji usoni. Nilimwona anatafuta kwenye magamba, kwenye adui, kwenye wale weusi na watoto wa watu. Akasema: "Mi sitaki."

"Juu ya nini?"

"Sijui juu ya nini. Léonce hajui. Mi sitaki, Kaltum, basi."

Kaltum alikaa chini, pale pale kwenye maji. Nilidhani atacheka, akalia. Nikadhani analia, kumbe kakasirika.

"Ungesema ivo siku ya kwanza! Unajua nilienda kwa Afrah nikarudia njiani mara mbili? Nilikuwa naomba Mungu asikuwe nyumbani. Na alipokubali nilifurahi, wallahi nilifurahi, nikaona mutoto anatembea humu uani. Nilitaka useme ndiyo. Nilitaka useme apana. Vyote viwili."

"Sasa mi ningejua vipi?"

"Mi mwenyewe sijui!" Akajipangusa uso kwa mkono wenye rangi, akabaki na shavu la buluu. Sauti yake ikashuka. "Utazeeka bila mutoto, Obeid. Utanichukia."

"Ça dé..." Obeid akalimeza lile neno. "Apana," akasema. "Sitakuchukia."

Sijui alijuaje. Hakuna mtaalamu aliyemwambia. Lakini nilivuka barabara nikiwa na neno.

Wajomba walilipokea kwa adabu. Afrah mwenyewe hakulipokea kwa adabu, na alikuwa na haki. "Mi si kiatu cha kujaribiwa dukani na kurudishwa," aliniambia, cherehani inaunguruma, nikainamisha kichwa kama mimi ndiye niliyemjaribu. Kaltum alikwenda kumwomba radhi mwenyewe. Walikaa mpaka magharibi na hakuna aliyetuambia walisema nini. Sasa wanatembeleana, jambo ambalo silielewi kabisa.

Sylvère alipouliza kioo kimesema nini, Obeid alijibu wako sawa, akakiondoa. Siku hiyo, aliniambia, jike lilikuwa nyuma ya jiwe na dume limelala. Mpaka leo hawajataga. Mpaka leo wanalisafisha jiwe.

Na chumba cha nyuma kipo, buluu tupu, hakina kitanda wala mkeka, na hakuna anayejua kukiita chumba cha nini. Nura anasema Kaltum akipita huufunga mlango wake. Obeid akipita huufungua. Hawajaulizana kwa nini, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikuuliza.