Mama Mkwe Njiani

Miaka ya tisini, kwenye mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, nilitoka majini wa tatu, nikarukia baiskeli na chupi ya kuogelea tu. Karibu na Lurambi nikamwona mama mkwe akija, kikapu kichwani. Kwetu mtu hakutani ovyo na mama mkwe wake, sembuse akiwa nusu uchi! Nikajitosa kwenye miwa pamoja na baiskeli. Nikasikia wenzangu wakinipita mmoja mmoja. Majani yalinikata, miguu haikutulia. Kwani huyu mama anatambaa? Alipopita wa mwisho kabisa, uvumilivu ukaniisha, nikachungulia. Barabarani hapakuwa na mtu. Ng'ambo, katikati ya miwa ya jirani, niliona kikapu: naye alikuwa amejificha, akingoja mimi nipite.