Jemadari Aliyeogeshwa Spiriti

Baba mdogo wangu hutengeneza meno ya bandia. Miaka thelathini na moja ameifanya kazi hiyo katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, chenye dirisha moja, moto mdogo wa gesi na mabakuli yaliyogandiwa na plasta kingoni. Mkono wake ni wa ajabu. Bibi mmoja alivunjika jino la mbele, akatengenezewa jingine lenye hata lile doa la chai alilokuwa nalo tangu ujana wake. Mumewe hajui mpaka leo. Mtu wa namna hiyo, kama dunia ingekuwa na haki, angesimamishwa njiani apewe heshima. Sisi tunamwita "yule wa meno", na tukishapata meno tunamcheka kwa meno hayo hayo.

Kosa halikuwa letu peke yetu. Baba mdogo mwenyewe hakuuheshimu mkono wake. Aliuheshimu mkono wa marehemu.

Marehemu huyo aliandika vitabu saba vinene vya falme ambazo hazijapata kuwapo, zenye majoka yasemayo na malkia wasiozeeka. Akichoka kuandika alicheza vita mezani na rafiki zake, kwa dadu, futi ya kupimia, na askari wadogo wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole gumba, aliowapaka rangi mwenyewe. Alipokufa warithi wakawauza askari huku na huku, na hapo wakazaliwa wakusanyaji. Wakusanyaji wakaunda chama, na marehemu wakamwita "Bwana". Chama kikapata Mwenyekiti, ambaye ni wakili, na Mtaalamu, ambaye kazi yake ni kutazama kitu kwa lenzi mpaka wenzake wachoke kusimama. Viti vilikuwa kumi na viwili, na mtu haingii mpaka mwingine afe au ahame.

Baba mdogo alikuwa na askari thelathini na wanane, ndani ya kabati la vioo lililokuwa la sahani za mama mdogo. Sahani zilihamia chini ya kitanda. Vitabu vya marehemu hakuvimaliza; cha kwanza kimewekwa alama ukurasa wa arobaini, huu mwaka wa sita.

"Kitabu kizuri hakikimbiliwi," alinijibu nilipomuuliza.

Mambo haya yalinichoma. Siku moja nilimwonyesha mmoja wa askari. "Baba, tazama macho haya. Moja linatazama mlango, la pili dirisha. Huyu bwana alikuwa hajui kupaka."

"Ndio uzuri wake. Hilo ndilo jicho la Bwana. Mkono mwingine hauwezi."

"Na mteja akikuta meno yako yamekaa hivyo?"

"Mwanangu, meno ni meno."

Kisha kiti kimoja kikawa wazi. Chama kikaandika kwamba Jumamosi saa nne asubuhi wangekuja kumkagua Jemadari, yule wa joho jekundu, kiongozi wa jeshi lake lote. Akipita Jemadari, na baba mdogo amepita. Alinyoa, akapiga pasi koti, akajifunza maneno ya shukrani mbele ya kioo. "Nikikaa pale," aliniambia, "sitakuwa tena yule wa meno."

Alhamisi alimpeleka Jemadari chumba cha kazi ili amtazame kwa lenzi kubwa. Ukutani mle kuna amri moja aliyoiandika kwa mkono wake: KILA KILICHOTOKA MDOMONI MWA MTU KIOSHWE KWANZA. Akamweka Jemadari kwenye sinia linalowekwa meno. Simu ikalia, mteja analalamika kwamba meno ya juu yanacheza. Baba mdogo akawa anamjibu, na mkono wake, ambao kwa miaka thelathini na moja hausubiri kichwa, ukachukua kilichokuwa kwenye sinia, ukakichovya katika spiriti, ukakisugua kwa brashi pande zote. Alipokata simu, spiriti ilikuwa nyekundu, na kiganjani alikuwa na kijitu cha kijivu, safi kama mfupa.

"Nimemwosha," alisema mama mdogo alipotokea mlangoni. "Mke wangu, nimemwosha."

"Pole," mama mdogo akasema. Akamtazama Jemadari. "Lakini ametakata."

Baba mdogo alimpaka upya kwa kufuata picha yake ya zamani. Ijumaa mchana kazi ilikuwa imekwisha, na sijaona kitu kizuri kuliko kile: joho lenye mikunjo na vivuli, uso wa mtu aliyelala vibaya kabla ya vita. Mama mdogo alipandisha miwani kwenye paji la uso.

"Watakukamata," alisema. "Huyu anajua anakokwenda."

Ni kweli, macho yalinyooka. Baba mdogo akayafuta, akajaribu kuyapinda. Mara nne alijaribu, mara nne yakanyooka. Mkono uliozoea kupanga meno mstari mmoja haukuweza kuharibu jicho moja.

"Lete hapa, Fundi." Mama mdogo aliacha vitunguu alivyokuwa akimenya, machozi yakimtiririka, akachukua kijiti cha kiberiti, akadonoa mara mbili. "Haya. Makengeza yamerudi."

Jumamosi wakaja Mwenyekiti na Mtaalamu. Mtaalamu alimtazama Jemadari muda mrefu.

"Macho haya," alisema polepole. "Hapa Bwana alikuwa na huzuni."

"Ni machozi," akasema mama mdogo akitua chai.

"Unaona? Hata mama ameona."

Kisha akamgeuza Jemadari kichwa chini. Chini ya miguu palikuwa na duara dogo lenye nukta mbili. Baba mdogo akawa mweupe kama plasta yake. Alama ile naijua: huichora upande wa ndani wa meno yote yanayotoka mezani kwake. Mkono tena.

"Alama ya siri," alisema Mtaalamu. "Miaka ishirini natafuta. Kuanzia leo, askari asiye na alama hii tumtilie shaka."

"Yaani wangu sitini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Tutawachunguza, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akatoa karatasi. "Imebaki saini yako tu, ndugu. Kwamba hajaguswa na mkono mwingine."

Baba mdogo alishika kalamu. Alinitazama mimi, mhubiri wa haki na ukweli wa nyumba ile. Nami nilikuwa nakagua sakafu. Akamtazama mkewe.

"Unanitazamia nini?" akasema mama mdogo. "Mkono si wako?"

Akaiweka kalamu chini. "Huyo nimempaka mimi, jana. Macho ni ya mke wangu, kwa kijiti cha kiberiti. Na alama ni yangu."

Mtaalamu akatabasamu kama mtu anayetazama mgonjwa. "Unyenyekevu ni mzuri, ndugu, lakini usizidi. Mkono wa Bwana naujua."

"Fundi wa meno hawezi kupaka hivi," akasema Mwenyekiti. "Una ushahidi?"

"Ninao," alijibu baba mdogo kwa upole. "Ila uko mdomoni mwako, Mwenyekiti. Meno ya chini, upande wa ndani, kushoto."

Sijapata kuona wakili akifumba mdomo upesi namna ile. Aliondoka hajaufumbua, na chai ikabaki.

Barua ilikuja baada ya wiki: ombi limekataliwa kwa kumvunjia marehemu heshima. Mtaalamu ametoa kijitabu kuhusu alama ya siri, na nasikia wanachama wanawageuza askari wao kichwa chini na kusononeka. Jemadari sasa anakaa rafu ya chumba cha kazi, katikati ya meno ya juu na ya chini. Mteja akiuliza, baba mdogo anajibu, "Nimempaka mimi," na mama mdogo anaita kutoka jikoni, "Macho?"

Mwezi uliopita Mwenyekiti alikuja peke yake, meno ya chini kwenye leso. Yanamkwaruza ulimi, alisema. Baba mdogo akayageuza: mtu alikuwa ameikwangua alama kwa wembe, pakabaki makali. Aliyaosha kwa spiriti, akapalainisha, kisha akaichora alama upya, kubwa kidogo.