Wimbo wa Kusugua Kibuyu

Binti yangu anaandika vitabu vya watoto wa shule kuhusu huku kwetu: jinsi watu walivyoishi Kericho na Bomet kabla chai haijafunika vilima. Hadithi nyingine alizipata Ndanai, nyingine Sosiot. Ukurasa mmoja aliuacha wazi kwa ajili ya mama yangu.

Mama alikuwa na wimbo wa kusugua kibuyu cha maziwa. Akisugua kwa mkaa, aliita vilima kimoja kimoja, kwa majina ya wakati wazazi wake walipochunga ng'ombe huko, kabla hawajahamishwa. Leo vilima hivyo vinaitwa kwa namba za mashamba ya chai. Utoto wangu wote niliusikia wimbo huo.

Halafu nikaokoka, nikafanywa mzee wa kanisa. Siku moja, mbele ya wageni, nilimwambia mama kwamba kwangu haziimbwi nyimbo za gizani. Hakuna mchungaji aliyenituma. Nilitaka tu kuonekana. Tangu hapo alisugua kibuyu kimya, na mimi nikadhani huo ukimya ni amani.

Binti alipokuja na simu ya kurekodi, alikaa na mama jikoni karibu na moto.

"Kogo, imba tu kidogo," alimwambia bibi yake.

"Muulize baba yako. Mwenye nyumba ndiye anajua kinachoimbwa humu."

Nilicheka, kwa aibu. "Imba, mama. Sikukatazi."

"Leo hunikatazi? Si ungeniambia nikiwa na meno!"

Binti alicheka mpaka simu ikatikisika. Mama naye alicheka, kisha akaanza. Sauti ilikuwa ile ile, lakini ilikuwa sauti tu, maneno hayakuwemo. Akanyamaza, akaanza tena. Binti akampa kibuyu na kijiti cha mkaa. Mikono ikafanya kazi yake bila kukosea hata kidogo, mdomo ukabaki wazi.

"Yalikuwa hapa," mama alisema, akigusa koo. "Yameenda wapi?"

Hapo ndipo binti aliponigeukia. "Baba, wewe ulikua ukiusikia. Mwanzishie, labda atakumbuka."

Niliimba jina la kilima cha kwanza. Uso wa mama ukachangamka. Akaniinamia, akingoja la pili. Nililitafuta. Miaka yote ile nilikuwa nimejifunza kutolisikia.

"Endelea," mama alisema.

Nikarudia lile la kwanza. Binti akazima simu.