Unga wa Muhogo Ukutani

Harufu ya plaiwudi iliyooza naijua hata ukinifunga macho. Inanuka uyoga na nguo zilizonyeshewa kambani, na mimi nimekulia humo, kwa sababu Baba alipokuwa akijenga nyumba yetu Maili Moja, Kibaha, sisi tulikaa kwenye karavani. Ndiyo, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo wazungu huikokota kwa gari wakienda kutalii. Mzungu mmoja wa kazi za barabara aliiuza alipoondoka, Baba akainunua ikiwa imeshachoka, akaiegesha kwenye kiwanja chetu na kutuambia ni ya muda tu. Watoto wa jirani walituonea wivu. Laiti wangejua! Kwenye kona ya nyuma, juu ya kitanda nilicholalia na mdogo wangu Zuhura, ukuta ulikuwa laini kiasi kwamba ukiubonyeza kidole kinazama, na ukungu mweusi ulikuwa umepanda hadi dirishani.

Zuhura alikuwa na pumu. Alikuwa hajaanza hata shule, na kifua chake kilipobana alikaa kitako akivuta pumzi kwa mabega, macho yamemtoka. Daktari alisema wazi kwamba mtoto huyu asilale penye unyevu. Basi Bibi, mama yake Baba, akaja kutoka Marui, Kisarawe, na kiroba chake cha unga wa muhogo kama kawaida. Aliingia ndani, akanusa, akatoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Kisha akamwambia Baba, "Masika hayo yamefika. Ukuta huu ukilowa tena, Zuhura naondoka naye. Nilishamzika mmoja kwa kifua, mwanangu. Wa pili simziki." Huyo mmoja alikuwa dada yake Baba, na jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Nasema kweli, siku ile nilimchukia Bibi. Nilikiwaza kitanda kile bila Zuhura.

Baba alikuwa fundi wa kuezeka, na hapo ndipo tulipoponzeka. Kwake yeye, maji yakipita juu, dawa ni bati. Alipanda juu ya karavani, akalaza mabati mapya juu ya paa la zamani, akayagongelea kwa misumari huku akipiga mluzi. Ikaja mvua ya rasharasha tu, maji yakaingia hata pale ambapo hayajawahi kuingia, maana kila msumari ulikuwa umelitoboa paa lile jembamba la alumini. Baba alikaa juu ya ndoo, akainamisha kichwa. Bibi akaanza kukunja nguo za Zuhura na kuzifunga kwenye khanga.

Mama ndiye aliyeinuka. "Mama, naomba unipe mpaka mvua kubwa," alimwambia Bibi kwa heshima. Bibi akamwita kwa jina langu. "Haya, Mama Mwajuma. Lakini nguo hizi sizikunjui." Mama alibandua plaiwudi yote iliyooza ndani, akaacha fremu za mbao wazi, tukazikausha mchana kutwa kwa jua na upepo, milango na madirisha yote wazi. Kisha akachota unga wa Bibi, akazipaka zile mbao ukiwa mkavu, maana tone likiugusa tu hugeuka kijivu na kuonyesha maji yanakopita. Baba akang'oa mabati yake yote, akaziba kila tundu la msumari, akapanda ngazi na birika, anamimina maji polepole, kipande kwa kipande, na mimi nikiwa ndani nakodolea macho unga. Bibi alilalamika nje kwamba chakula cha watu kinalishwa ukuta. Unga haukugeuka rangi kwenye kona yetu. Uligeuka kijivu mbele kabisa, karibu na dirisha la kwenye paa. "Hapo, Baba! Hapo hapo!" Kumbe maji yalikuwa yakiingilia mbele, yanatembea ndani ya mbao hadi kwenye kitanda chetu. Baba akahamishia ngazi mbele. Akafungua ule ukanda wa alumini unaofunika maungio ya paa na ukuta, akakwangua gundi kuukuu iliyokauka, akajaza gundi mpya ya silikoni na kuurudishia kwa skrubu. Safari hii hakupiga mluzi.

Mvua kubwa ilikuja mchana. Mama alipaka unga upya, tukaingia wote ndani, Bibi akiwa amempakata Zuhura na lile furushi miguuni pake. Kwa kelele za paa hatukuweza kusemezana. Ghafla doa la kijivu likatokea kwenye unga, likakua. Mama alishika mdomo. Lilikuwa jasho la Baba, likidondoka kidevuni alipokuwa ameinama kuangalia. "Hebu sogea huko!" Bibi alimfokea, na hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye alikuwa akiomba ukuta ushinde. Mvua ilipokatika, alipitisha kidole kwenye mbao kutoka juu hadi chini, akakilamba. "Mkavu," alisema. Akalifungua furushi lile huku analia, wala hakujificha.

Leo nyumba ya tofali imesimama, ina vigae na madirisha makubwa, na mimi ndiye ninayekaa humo. Karavani iko nyuma, imekuwa banda la kuku. Masika yaliyopita Zuhura alikuja na mtoto wake, ambaye amerithi kifua chake. Nilikuwa nimewatandikia chumba kizuri kuliko vyote. Aliingia, akanusa kama Bibi alivyonusa, akabonyeza ukuta chini ya dirisha, pale ambapo rangi imevimba kwa maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Akachukua ufagio. Akatoka hadi kwenye karavani, akafukuza kuku, akafagia, akapiga deki, akatandika. Nilisimama mlangoni mwa nyumba tuliyoisubiri utoto wetu mzima, nimeudhika kweli kweli. Kisha nikachukua mto wangu, nikawafuata.