Mita Elfu Mbili, Sawa na Wanaume

Binti wa nyumba ninayofanyia kazi, mtaa wa Al-Safa, alikuwa na miaka tisa nilipofika Jeddah, na kumi na tisa alipojiunga na timu ya kupiga makasia ya chuo kikuu chake. Mama yake hakujua. Mimi nilijua kwa sababu ya mikono. Alirudi jioni moja viganja vimejaa malengelenge, akavificha chini ya meza.

"Hebu leta hapa," nikamwambia.

Malengelenge ya kasia nayafahamu. Nililelewa kisiwani, Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Baba yangu alikuwa akivusha abiria kwenda bara, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, nilishika kasia nikiwa darasa la sita. Wavuvi walilalamika kwamba msichana akikanyaga mashua samaki watakimbia. Baba aliwajibu kwamba yeye habebi samaki, anabeba watu.

Nilipomsimulia binti hayo huku nikimpaka mafuta, alinitazama kana kwamba nimemwambia niliwahi kuendesha ndege.

"Khala," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kama mtu anavyomwita mama mdogo. "Miaka yote hii unapiga deki hapa na hukusema?"

"Hukuniuliza."

Hatimaye madam, mama yake, aliambiwa. Siku ya tatu akakubali, kwa sharti moja: popote binti atakapokwenda na makasia yake, niende naye. Alidhani ananipa kazi ya ziada. Sikumsahihisha.

Kwa hiyo kila Jumamosi tulikwenda kwenye khori, kaskazini mwa mji, ambako bahari inaingia nchi kavu na maji yanatulia. Wasichana wanne walipiga makasia, wa tano alikaa nyuma ameshika usukani akiwahesabia. Kocha wao, mwanamke wa Tunisia mwenye sauti ya kukwaruza, aligundua upesi kwamba ninaelewa ninachokitazama. Mshika usukani alipokosa mazoezi, alinitupia jaketi la kuokolea maisha na kusema, "Yalla, ingia." Mimi ni mdogo wa umbo na sauti yangu inafika mbali. Niliwahesabia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niliyohesabia makasia tangu mwanzo, nao wakaizoea.

Mashindano yao ya kwanza yalikuwa Riyadh. Huko hakuna bahari, hivyo walishindana ndani ya ukumbi, kwenye mashine za mazoezi zenye kiti kinachoteleza na mnyororo wa kuvuta. Wanaume walivuta mita elfu mbili. Wasichana, elfu moja. Binti alimaliza wa tatu, akashuka akiwa hajaanza hata kuhema sawasawa, akamwendea mzee mmoja wa kamati.

"Ami, mbona sisi tumepewa nusu?"

Mzee alikuwa mpole. "Binti yangu, tunawaonea huruma."

"Ungeniuliza kwanza kama nimechoka."

Msichana mrefu aliyekuwa nyuma yake aliangua kicheko. Alikuwa nahodha wa timu ya Riyadh, na ndiye aliyekuwa ametoka kumshinda. Jioni ile walikaa kwenye ngazi za ukumbi wakila tende kutoka kwenye mkoba wangu, wakipanga.

Miezi mitatu baadaye yangefuata mashindano ya majini Jeddah. Wanaume wa vyuo vikuu walikuwa wakishindana hapo kwa miaka, na kombe lao lilikuwa na majina ya washindi kuzunguka kitako chote. Safari hii wasichana walialikwa kwa mara ya kwanza. Ratiba ilipotoka, binti aliniletea jikoni nione. Wasichana: mita elfu moja, saa moja asubuhi, kabla wageni hawajafika. Zawadi: cheti.

"Cheti cha kuamka mapema," akasema.

Yeye na yule nahodha wa Riyadh waliandika barua moja, timu zote mbili zikatia saini. Walitaka umbali uleule, alasiri ileile, kombe la ukubwa uleule. Jibu lilikuja baada ya wiki: timu moja ya wasichana ipige mita elfu mbili mbele ya kamati, chini ya dakika kumi, kisha itajulikana.

"Wanaume hawakuwahi kupewa jaribio," binti aliwaka.

"Ndiyo," kocha akasema. "Kasirika. Halafu uje mazoezini."

Asubuhi ya jaribio, mshika usukani alituma ujumbe: ana mtihani, na mwalimu amekataa kumruhusu. Wazee watatu wa kamati walikuwa wameshaketi kwenye gati na saa zao mkononi. Kocha alinitupia jaketi.

Mmoja wao alisimama. "Huyu si mfanyakazi wa nyumbani?"

"Ndiye," kocha akajibu. "Usukani hauulizi kibali cha mtu kimeandikwa kazi gani."

Yule mzee mpole wa Riyadh alikuwa mmoja wa hao watatu. Alinitazama, akatazama maji, akasema hili si shindano, ni jaribio tu, acheni aingie.

Nilivua abaya, vazi langu refu la juu. Chini nilikuwa na suruali na shati la mikono mirefu, nguo zangu za mazoezi. Niliketi nyuma, nikashika usukani. Katika mashua ile mpiga kasia huenda kinyumenyume, haoni aendako. Ni mimi peke yangu niliyetazama mbele, na binti alikaa akinitazama usoni.

"Moja, vuta! Mbili, vuta!"

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulipopita boya la mita elfu moja, pale ambapo wangeambiwa inatosha, boti ya injini ilikatiza mbele yetu na kuacha mawimbi. Nilijua wimbi la ubavuni linavyomwaga abiria. Nikaligeuzia pua ya mashua, tukapanda, tukashuka, nikarudisha njia. Tulipoteza sekunde. Uso wa binti ulikuwa mwekundu, mdomo wazi.

"Khala, siwezi," alisema.

"Sikukuuliza! Vuta!"

Alicheka, katikati ya pumzi ambayo hakuwa nayo, akavuta. Wote wakavuta. Tulivuka mstari kwa dakika tisa na nusu. Yule mzee mpole aligonga saa yake kwa kidole, akaisogeza sikioni, kisha akainua mikono.

"Halas, yamekwisha. Elfu mbili. Alasiri." Akaniuliza, "Ile ilikuwa lugha gani?"

"Kiswahili, ami."

"Inaendesha mashua vizuri."

Siku ya mashindano usukani ulishikwa na mwanafunzi mwenyewe, kama sheria inavyotaka, nami nikasimama ufukweni pamoja na madam. Watu walijaa. Wasichana wa Riyadh, waliokuwa wakija Jeddah wikendi tu kuyazoea maji, waliongoza hadi mita mia nne za mwisho. Kisha nikasikia, juu ya kelele zote, yule mwanafunzi akihesabu kwa Kiswahili. Madam alinishika mkono. Alipiga mayowe ambayo sijawahi kuyasikia katika nyumba ile kwa miaka kumi. Jeddah walishinda kwa nusu mashua.

Mtangazaji alisoma muda wao, kisha akausoma tena. Walikuwa wameipita mashua ya mwisho ya wanaume kwa sekunde nne. Vijana wa mashua ile walikuwa wa kwanza kupiga makofi, na hilo niliwapendea. Kombe lilipotolewa, binti alimvuta nahodha wa Riyadh jukwaani, wakaliinua pamoja.

Wiki iliyofuata nilimwomba madam alasiri za Ijumaa ziwe zangu. "Uende wapi?" akauliza. "Majini," nikasema. Akasema sawa.

Mtaani Sharafiya, kwenye hoteli ndogo tunakokula ugali, niliwatafuta Wakenya wenzangu. Watatu walikubali, wote wafanyakazi wa nyumbani, mmoja hajui hata kuogelea. Kocha alitupa mashua ya zamani na majaketi. Binti alishika usukani. Tulizunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa, makasia yakigongana, yule asiyejua kuogelea akimwita Yesu na mamake kwa zamu. Kisha, sijui ni kwa kasia la ngapi, tulivuta wote kwa pamoja, na mashua ikaenda.