Kihenge Chini ya Magurudumu

Ndege iliyonitoa Sumbawanga ilikuwa na sura mbaya, sitaipamba. Tumbo nene, magurudumu yasiyokunjwa, na pua butu iliyofunguka katikati kama milango ya kabati. Waingereza waliiunda baada ya vita ili ivushe magari juu ya bahari ya kwao, wenye magari wakiwa wamekaa nyuma kama abiria. Kwetu ilikuja mara moja tu, wakati Mwingereza bado anatawala, mvua ilipoikata barabara ya Tunduma na tajiri mmoja wa Mazwi akashindwa kulisubiri gari lake. Watu wakinisifu kwamba nimefika mbali, huwa natabasamu huku moyo unanichoma. Najua nilipita juu ya nini.

Tajiri huyo alikuwa na duka, na mama yangu alimuuzia maharage miaka mingi. Mwaka ule nilipata nafasi katika chuo cha ualimu Tabora. Barabara haipitiki, chuo kinakaribia kufunguliwa, na atakayechelewa nafasi yake anapewa mwingine. Mzee wa duka akamwambia mama kwamba ndege ikishusha gari itarudi tupu kupitia Tabora, na rubani amekubali kunichukua. Mama alicheka siku nzima peke yake.

Kiwanja kilikuwa kifupi, kwa hiyo watu wa kwetu Mollo wakaitwa kukirefusha. Amri ya nyapara aliyesimamia kazi ilikuwa majani yakatwe, yakatupwe mbali, kisha ardhi ishindiliwe. Sasa mwambie Mfipa atupe majani! Kwetu majani yanafukiwa. Unayageuza pamoja na udongo, unajenga tuta la mviringo tunaloliita ntumba, yanaoza humo ndani, na maharage yako yanastawi mpaka jirani anakununia. Mama ndiye aliyeongoza kundi la wanawake, na hakuna aliyemshinda kwa jembe. Walipoona marundo yale ya majani mabichi yanakwenda kupotea bure, wakayafukia palepale, wakasawazisha juu, wakapakanyaga wakiimba. Pakapendeza. Walidhani wametenda wema kupita walivyoagizwa. Kisha mvua ikanyesha wiki baada ya wiki.

Ndege ilitua salama upande mgumu. Pua ikafunguka, gari likateremka, watu wakapiga vigelegele. Lakini ilipogeuka ili iondoke, gurudumu moja likadidimia kwenye kipande cha akina mama. Nyapara akachomeka mkono matopeni, akatoa konzi ya majani meusi yaliyooza. Akamtazama mama, na mama akainamisha kichwa.

Rubani aliyaangalia mawingu, akasema maneno kwa Kiingereza. Mzee wa duka akatufasiria: zitafutwe nguzo na fito za kutandika chini ya magurudumu kabla ya mvua, na kama ndege bado itakwama, ataondoka bila abiria ili kupunguza uzito.

Mama akaondoka mbio. Nilidhani amekimbia aibu. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote, na muda si muda akarudi na mzigo wa nguzo kichwani. Nilizitambua. Zilikuwa nguzo za kihenge chetu, ghala la ulezi wa kutufikisha mavunoni, mimi, yeye na wadogo zangu.

"Mama, na ulezi je?"

"Nimeufunika na mikeka. Wewe kaa, mwanangu. Usichafue gauni."

Nikakaa. Gauni lilikuwa jeupe, limeshonwa na fundi wa Chanji, nami nikakaa juu ya sanduku langu nikalitandaza vizuri magotini. Mama alikwenda na kurudi, akaleta fito, akaleta hata kuta za kusukwa. Wenzake walileta kuni na milango mibovu, lakini yeye alileta kihenge chote. Alipiga magoti kwenye tope akazisukuma nguzo chini ya gurudumu kwa mikono yake. Nilimwona. Ningeweza kuinuka. Nilichokuwa nikiomba moyoni, Mungu anisamehe, ni kwamba afanye haraka.

Nguzo zilivunjika moja moja chini ya uzito ule, lakini ndege ikatoka. Nikapanda. Tulipokuwa tunapaa mvua ikaanza kupiga madirisha, na mvua ya Ufipa haizuiliwi na mikeka. Nililijua hilo nikiwa nimefungwa mkanda kitini, mkavu, gauni langu halina doa.

Niliporudi likizo niliwakuta wadogo zangu wamekonda. Ulezi ulikuwa umeota ukungu, wakaishi kwa maboga na kwa huruma ya majirani hadi mavuno. Njia nzima kutoka Tabora nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba mama msamaha. Nilimwamkia, akaitikia, akanikalisha jikoni, na kabla sijafungua mdomo akaushika mkono wangu.

"Mwanangu, nisamehe," akasema. "Yale majani niliyafukia mimi. Kidogo nikukoseshe safari."

Mwaka mzima alikuwa amelibeba hilo, juu ya njaa. Nilitaka kulia, nilitaka kumpigia magoti, lakini yeye alikuwa ananitazama akingoja jibu.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Naye akanishukuru.